Tarehe Isiyo na Siku: Aina za Data za XML na Hesabu ya Watu Upande wa Sengerema

Wilaya ya Sengerema iko magharibi ya Ghuba ya Mwanza, mkono mrefu wa Ziwa Viktoria unaoingia nchi kavu na kuitenga wilaya hiyo na mji mkuu wa mkoa. Wenyeji wake wa zamani ni Wazinza. Baadaye, hasa katikati ya karne ya 20, Wasukuma wengi walivuka ghuba kutafuta ardhi ya pamba na malisho ya ng'ombe, hata leo Kisukuma na Kizinza vyasikika pamoja katika masoko, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote na ofisi za serikali. Mpaka 1975 nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Geita.

Mtu aliyezaliwa huko kabla ya uhuru mara nyingi hakuandikiwa cheti. Kuzaliwa kwake kulikumbukwa kwa jambo lililotokea wakati ule: kabla reli haijafika Mwanza au baada ya kufika, yaani 1928, mwaka wa nzige, miaka ambayo maji ya ziwa yalipanda kwa zaidi ya mita 2 na kufunika mashamba ya pwani, yaani kati ya 1961 na 1964. Waliozaliwa baadaye wana alama zao pia: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kuzama kwa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Makarani wa sensa wamezoea kuchukua orodha ya matukio ya namna hii, iitwayo kalenda ya matukio, na kumwuliza mzee: Je, ulikuwa umezaliwa? Ulikuwa unatambaa, au ulikuwa tayari unachunga ndama? Kutokana na majibu hayo hukadiriwa umri wake.

Yafaa kutambua kwamba huu si ujinga wa tarehe. Ni ujuzi wa tarehe wa aina nyingine. Mzee asemaye alizaliwa mwaka wa nzige asema jambo la kweli, lenye mipaka yake, na laweza kupimwa kwa ushahidi wa majirani. Mashaka yanaanza pale neno lake linapohamishwa kutoka kinywani mpaka katika karatasi, na kutoka katika karatasi mpaka katika kompyuta, maana kila chombo cha kuandikia kina kanuni zake za nini kinachokubaliwa kuwa jibu. Kanuni hizo katika lugha ya XML huitwa aina za data, na historia yake yawahusu wataalamu wa lugha kuliko inavyodhaniwa.

Sensa za wakati wa Waingereza, ya 1948 na ya 1957, hazikumsumbua sana mzee wa Uzinza. Hesabu ya jumla ya Waafrika iligawa watu katika makundi mapana ya watoto na watu wazima, wala haikutaka miaka kamili. Sensa ya kwanza baada ya uhuru, iliyofanywa Agosti 1967 na kupata watu wapatao milioni 12.3 katika Tanzania nzima, ndiyo iliyotaka umri wa kila mtu kwa miaka. Matokeo yake yalionyesha jambo ambalo wachunguzi wa hesabu za watu wanalijua katika nchi nyingi: watu wamerundikana katika miaka 30, 40, 50, 60, na kwa kiasi kidogo katika 35 na 45, ilhali miaka ya jirani kama 39 na 41 ina watu wachache mno. Rundo lile halimdanganyi msomaji wa majedwali. Laonekana wazi, na kwa kuonekana kwake latoa habari kwamba umri umekadiriwa.

Karatasi za uchunguzi zilizofuata zilikuwa na busara zaidi. Katika hojaji za uchunguzi wa idadi ya watu na afya, ambao Tanzania iliufanya mara ya kwanza mwaka wa 1991 na 1992, mama huulizwa mwezi na mwaka wake wa kuzaliwa katika visanduku viwili mbalimbali. Asiyeujua mwezi huandikiwa 98. Asiyeujua mwaka huandikiwa 9998. Hapana mwezi wa 98. Kila mtu aonaye tarakimu hiyo ajua kwamba muulizaji aliuliza, na aliyeulizwa hakujua. Nambari hiyo yatenganisha mambo mawili ambayo sarufi ya Kiswahili pia hayachanganyi: lisilojulikana, na lisilokuwapo.

XML ilizaliwa mbali na ziwa. Chimbuko lake ni SGML, kanuni ya kimataifa ya 1986 ya kuwekea maandishi alama, ambayo ilipendwa na wachapishaji wakubwa, majeshi, na wataalamu wa matini za kale. Tarehe 10 Februari 1998 muungano wa W3C, unaotunga kanuni za mtandao wa dunia, ulitoa umbo jepesi la SGML na kuliita XML. Wahariri wake walikuwa Tim Bray, Jean Paoli na C. M. Sperberg-McQueen, huyu wa tatu alikuwa amesomea fasihi ya Kijerumani ya kale, na alikuwa mmoja wa wahariri wa kwanza wa TEI, mwongozo wa kuweka alama katika matini za kifasihi na kilugha. Kwa hiyo si ajabu kwamba XML ya kwanza iliona kila kitu kuwa maandishi. Hati yake ya masharti, iitwayo DTD, iliweza kusema kwamba ndani ya elementi "mtu" sharti iwemo elementi "jina" na elementi "alizaliwa", lakini haikuweza kusema kwamba ndani ya "alizaliwa" sharti iwemo tarehe. Mwandishi aliyetia humo maneno "mwaka wa nzige" hakuzuiwa na yeyote.

Hali hiyo haikuwaridhisha watu wa mabenki na wa hifadhidata, nao walikuwa wengi kuliko watu wa fasihi. Tarehe 2 Mei 2001 W3C ilitoa XML Schema, ambayo sehemu yake ya pili, iliyohaririwa na Paul V. Biron na Ashok Malhotra, yahusu aina za data peke yake. Humo zimo aina 44: 19 za msingi na 25 zilizotokana nazo. Miongoni mwa zile za msingi zimo "string", ambayo ni maandishi yoyote; "boolean", ambayo ni kweli au si kweli; "decimal", "float" na "double" za nambari; na kundi la aina 9 za wakati, tangu "dateTime" na "date" mpaka "gYear", "gMonth", "gDay" na "duration". Herufi g iliyo mwanzoni mwa baadhi ya majina hayo yasimama badala ya Gregori, yaani kalenda iliyotengenezwa kwa amri ya Papa Gregori XIII mwaka wa 1582. Tarehe za Hijria, ambazo kwazo zimeandikwa barua na tenzi nyingi za pwani, hazina aina yao humo. Kila tarehe ya Hijria sharti igeuzwe kwanza au iandikwe kama maandishi matupu.

Programu inayosoma hati ya XML huitwa kichanganuzi. Neno hili lafaa, kwa kuwa kazi yake ni ile ile ya mwanasarufi achanganuaye sentensi: kutambua mwanzo na mwisho wa kila kipashio, na kipi kimo ndani ya kipi. Vichanganuzi ni vya namna mbili. Baadhi, kama Expat cha James Clark cha 1998, hutazama tu kama alama zimefungwa na kupandana sawasawa, na mengine yote huyapokea kama maandishi. Vingine, kama Xerces cha jumuiya ya Apache, huchukua skima, yaani ile hati ya masharti, na kupima kila thamani kwa aina yake. Kichanganuzi cha namna hii ya pili kikipewa "1928-00-00" katika nafasi ya "date" hukikataa. Kikipewa "1928" peke yake hukikataa pia, kwa maana aina hiyo yataka mwaka, mwezi na siku, vyote vitatu pamoja. Na ile 98 ya karatasi, iliyokuwa ikisema kweli kwa muda mrefu, haina mlango wa kupitia.

Huenda mtu akasema kwamba dawa ni nyepesi: itumike "gYear", inayokubali mwaka peke yake. Kwa nadharia ni kweli. Lakini mtunga fomu huchagua aina moja kwa watu wote, na katika fomu hiyo hiyo mna mtoto aliyezaliwa hospitalini wiki iliyopita, ambaye siku yake yajulikana na yahitajiwa. Basi huchaguliwa "date", na mzee hutafutiwa siku.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lilitoka vitabuni likaingia vijijini kwa njia ya simu. Mwaka wa 2003 W3C ilikuwa imetoa XForms, kanuni ya kuandika fomu kwa XML, inayoazima aina za data za XML Schema. Waliotaka kukusanya habari za afya kwa simu za mkononi waliipenda, wakatunga kichanganuzi chepesi cha fomu hizo kilichoitwa JavaRosa, kinachoweza kufanya kazi katika simu ndogo. Juu yake zilijengwa programu mbili zilizoenea sana. Ya kwanza ni CommCare, iliyojaribiwa Dar es Salaam na wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuanzia 2008. Ya pili ni Open Data Kit, iliyoanzishwa mwaka huo huo na Gaetano Borriello na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Washington, na mapema ikatumiwa na mpango wa AMPATH wa Eldoret, Kenya, katika upimaji wa virusi vya UKIMWI nyumba kwa nyumba. Sengerema nayo haikuwa ngeni kwa kompyuta: kituo cha mawasiliano cha jamii kilifunguliwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa COSTECH na mashirika ya kimataifa, nacho kilikuwa miongoni mwa vya kwanza vya namna yake nchini. Sensa ya 23 Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, iliendeshwa nchi nzima kwa vishikwambi. Programu ya sensa ni nyingine, si ya XML. Lakini swali la nini kikubaliwe kuwa tarehe ni lile lile.

Orodha ya aina zinazotambuliwa na JavaRosa ni fupi kuliko ile ya W3C. Zimo maandishi, nambari nzima, nambari yenye desimali, tarehe, saa, tarehe pamoja na saa, ndiyo na hapana, uchaguzi wa jibu moja na uchaguzi wa majibu mengi, msimbo pau, faili la picha au sauti. Na mojawapo ambayo W3C haikuwa nayo kabisa, iitwayo "geopoint", yaani mahali. Thamani ya "geopoint" ni nambari 4 zilizotenganishwa kwa nafasi: latitudo, longitudo, kimo juu ya bahari, na ya nne ni kiasi cha usahihi kwa mita. Nambari hiyo ya nne yastahili kutazamwa sana. Karani akisimama mbele ya nyumba kando ya ziwa, simu huandika mahali alipo na kuongeza kwamba huenda imekosea kwa mita 5, au 12, au 60. Mashine imeruhusiwa kukiri shaka yake. Aliyetunga aina ile alijua kwamba kipimo cha setilaiti hakina uhakika kamili, akatenga nafasi ya kuuandika upungufu huo pamoja na kipimo chenyewe.

Mzee aliyeketi mlangoni mwa nyumba hiyo hiyo hakutengewa nafasi kama hiyo. Aina ya tarehe haina tarakimu ya usahihi. Mzee aliye na yakini ya mwaka na shaka ya mwezi, na mtoto mwenye cheti cha hospitali, huandikwa kwa sura moja, na asomaye faili baadaye hawezi kuwatofautisha. Wala si karani tu anayelazimika kubuni. Open Data Kit ina namna ya kuonyesha swali la tarehe inayomwomba mtu mwaka peke yake; yaonekana kuwa ni huruma kwa asiyejua zaidi. Lakini aina iliyo nyuma yake imebaki kuwa "date", hivyo mashine hujaza yenyewe kilichopungua, na mwaka 1950 huhifadhiwa kama tarehe 1 Januari 1950. Kadhalika anayeulizwa mwezi na mwaka hupewa siku ya kwanza ya mwezi. Uongo huu mdogo hausemwi na mtu yeyote. Watokana na umbo la aina.

Rundo la 1967 lilijulikana kuwa rundo. Tarehe 1 Januari yaweza kujulikana vilevile, lau atakuwapo mtu wa kuhesabu ni wangapi waliozaliwa siku hiyo. Lakini programu zinazofanya kazi kutokana na tarehe hazihesabu; huamini. Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto atimizapo miezi 9. Mtoto aliyezaliwa Oktoba, naye akaandikwa kwa mwaka tu, atahesabiwa na mashine kuwa na miezi 9 zaidi ya umri wake, na ukumbusho wa chanjo utamjia angali mchanga. Au, jambo baya zaidi, atatajwa miongoni mwa waliochelewa, na mama yake atalaumiwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Kwa wazee, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 yamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Ambaye maji ya ziwa yalipanda angali mgongoni mwa mama yake, mwaka wa 2022 aliweza kuwa amevuka mpaka huo au hajauvuka, na tofauti ilikuwa kiwango cha shaka ambacho faili halikuandika.

Saa za Kiswahili zimeeleweka na wanasarufi tangu zamani, na hapana haja ya kuzieleza kwa urefu. Aina "time" huhesabu kuanzia usiku wa manane, 00:00:00. Msemaji wa Kiswahili huhesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Akiambiwa na mgonjwa kwamba dawa alikunywa saa mbili, karani aweza kuandika 08:00:00, au 20:00:00, au, akiwa amechoka au amefundishwa kwa Kiingereza, 02:00:00. Thamani zote 3 ni halali. Kichanganuzi hakitalalamika, kwa sababu kazi yake ni kupima umbo wala si maana, na hapa ndipo walipokosea wengi waliodhani kwamba data iliyopita katika skima ni data iliyo sahihi. Hifadhi ya CLDR, ambayo tangu 2004 i chini ya muungano wa Unicode na ambayo imeandikwa kwa XML, ina maneno ya Kiswahili ya vipindi vya siku, kama alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Lakini maneno hayo hutumika katika kuonyesha saa iliyokwisha kuhifadhiwa, si katika kumsaidia karani kuihifadhi.

Kilicho kigumu zaidi kuliko saa ni siku. Kwa desturi ya zamani ya Waswahili usiku huitangulia siku yake, hivi kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Leo wasemaji wengi hujikinga kwa kusema usiku wa kuamkia Ijumaa. Mkunga wa jadi akisema mtoto alizaliwa usiku wa Ijumaa, saa tatu, msikilizaji mmoja ataandika Alhamisi saa 21:00 na mwingine Ijumaa saa 21:00, na kati yao ni siku nzima. XML Schema haina aina ya jina la siku ya juma, kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa zenyewe haziwezi kuhifadhiwa ila kama maandishi. Hugeuzwa kuwa tarehe palepale, na ushahidi wa neno lililosemwa hupotea.

Aina "boolean" ndiyo nyepesi kuliko zote na ndiyo iliyo mbali kabisa na Kiswahili. Yakubali maandishi 4 tu: true, false, 1 na 0. Ukiacha kwamba "ndiyo" haimo, lililo kubwa ni kwamba swali kama "Je, mtoto amechanjwa?" lina majibu zaidi ya mawili katika lugha hii. Mama aweza kusema ndiyo. Aweza kusema hapana. Na mara nyingi sana atasema: bado. Bado si hapana. Kitenzi kinachoifuata huonyesha hivyo kwa mofimu yake: "hajachanjwa" yasema tendo halijatokea lakini mlango u wazi, "hakuchanjwa" yasema wakati ulipita na tendo halikufanyika. Mhudumu wa afya anayetembea vijijini anahitaji kujua tofauti hiyo kuliko jambo lolote jingine, kwa maana wa kwanza ni wa kurudiwa na wa pili ni wa kuulizwa sababu. Katika "boolean" wote wawili ni 0. Waliotunga fomu za simu kwa uangalifu waliliona jambo hili mapema, nao huepuka aina hiyo. Badala yake hutumia uchaguzi wa jibu moja, wenye ndiyo, bado, hapana na sijui. Kwa hakika katika fomu nyingi za Open Data Kit aina ya ndiyo na hapana haitumiki kabisa, ijapokuwa kichanganuzi kingali kinaitambua.

Katika nambari pana jambo moja tu la kutaja. Aina "decimal" hukubali nukta wala haikubali mkato. Kwa Tanzania na Kenya, zilizofuata Waingereza, hili halidhuru; lakini Waswahili wa Kongo ya mashariki, waliosoma kwa Kifaransa, huandika 3,5 kwa maana ya tatu na nusu, na hati yao hukataliwa.

Lugha zenyewe zina aina yao, iitwayo "language", nayo yafurahisha. Ilikusudiwa kupokea misimbo kama "sw" ya Kiswahili, "suk" ya Kisukuma na "zin" ya Kizinza. Lakini sharti lake la umbo lasema tu kwamba sehemu ya kwanza iwe na herufi 1 mpaka 8. Kwa hiyo mwandishi asiyejua misimbo akiandika "kizinza" atakubaliwa, na akiandika "kisukuma", lenye herufi 8 kamili, atakubaliwa pia. Akiandika "kiswahili" atakataliwa, kwa kuwa lina 9.

Wasukuma ni wafugaji, na hesabu yoyote ya mali zao huanza na ng'ombe. Hapo ndipo othografia iliyosanifishwa chini ya Kamati ya Lugha ya 1930 ilipogongana na sarufi ya XML. Jina la elementi laweza kuwa na herufi, tarakimu, kistari, kistari cha chini na nukta. Ritifaa ya kawaida haimo. Hati yenye elementi iitwayo "mbuzi" na nyingine "kondoo" ni halali. Ikiongezwa ya tatu iitwayo "ng'ombe", kichanganuzi husimama hapo na kuikataa hati yote. Si Expat wala Xerces kitakachoisoma, maana kosa hili si la aina. Ni la umbo la msingi. Watunga fomu huandika "ngombe" na kuendelea, na kwa kufanya hivyo huondoa tofauti ya sauti mbili ambayo ritifaa iliwekwa ili kuilinda.

Pana njia, nayo yajulikana na wachache. Katika orodha ya herufi ya Unicode mna alama kadhaa zinazofanana kwa macho na ritifaa. Ile ya tapureta ina nambari U+0027, na ile iliyopinda ya wachapaji ni U+2019. Zote mbili huhesabiwa kuwa vituo vya uandishi. Lakini iko ya tatu, U+02BC, inayohesabiwa kuwa herufi, nayo inaruhusiwa katika majina ya XML tangu 1998. Neno likiandikwa kwa alama hiyo hupita. Vivyo hivyo katika majina ya watu. Aina "string" haizuii ritifaa yoyote, lakini watunga skima hupenda kuongeza sharti kwamba jina liwe herufi tupu, na hapo majina ya Kisukuma yanayoanza kwa Ng'w, kama lile la Ng'wanamalundi, mganga na mcheza ngoma mashuhuri, hukataliwa yakiandikwa kwa U+0027 na kukubaliwa yakiandikwa kwa U+02BC. Macho hayaoni tofauti. Mtafuta jina katika faili aweza kulikosa ingawa limo, kwa sababu aliyelitia alitumia ritifaa moja na anayelitafuta ametumia nyingine. Jambo hili lingalipaswa kuamuliwa na vyombo vya lugha, kwa kuwa ni swali la iwapo ritifaa ya ng' ni kituo au ni sehemu ya herufi, na jibu la kifonolojia halina utata.

Marekebisho ya XML Schema yaliyotolewa Aprili 2012, toleo la 1.1, yaliongeza aina chache za wakati, miongoni mwao "dateTimeStamp" inayolazimisha kutaja ukanda wa saa. Usahihi ukazidishwa kwa wenye usahihi. Kwa wasiokuwa nao msaada ulitoka kwingine: katika maktaba, ambako watu wamezoea vitabu visivyo na mwaka. Maktaba ya Bunge la Marekani iliongoza kazi ya kutunga mwandiko wa tarehe uitwao EDTF, uliochapishwa mwaka wa 2012 na kuingizwa katika kanuni ya kimataifa ISO 8601-2 mwaka wa 2019. Humo "1928~" ni karibu na 1928, "1928?" ni 1928 kwa mashaka, "193X" ni mwaka usiojulikana katika miaka ya 1930, na tarehe mbili zikitenganishwa kwa mkwaju huonyesha kipindi chenye mwanzo na mwisho. Mwaka wa nzige waandikika. Miaka ya kupanda kwa ziwa yaandikika: 1961/1964. Kilichokuwa katika kalenda ya matukio ya karani, na katika 98 ya hojaji, kimepata tena mahali pa kukaa.

Ila XML Schema haina aina ya EDTF, wala JavaRosa. Anayeitumia sharti aitangaze kuwa "string", na kichanganuzi huipokea kama kinavyopokea shairi au jina la mbuzi, bila kupima chochote. Kupima ni juu ya programu inayokuja nyuma yake, kama ipo. Baadhi ya watunga fomu huweka maswali mawili mahali pa moja: la kwanza la maandishi, ambamo karani huandika tukio kwa maneno ya mzee mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, na la pili la nambari nzima, ambamo huandika mwaka uliokadiriwa. Tarehe haiulizwi. Mkokotoaji wa umri asiyeridhika na mwaka ule aweza kurudi kwenye maneno na kukadiria upya, jambo ambalo tarehe 1 Januari haimruhusu.